Kengele Zilipolia: Mwisho wa Daenerys na Haki ya Mtazamaji

Ahadi ni deni, walisema wahenga, na msemo huo unawahusu watunzi wa hadithi kama unavyomhusu mtu mwingine yeyote. Mtunzi anayetuonyesha mtoto yatima aliyenyang'anywa nchi yake, akatuongoza nyuma ya mtoto huyo jangwani na baharini kwa miaka minane, akatufundisha kumpenda na kumwogopa kwa zamu, huwa amekopa kwetu. Tamati ya hadithi ndiyo siku ya malipo. Akilipa kwa sarafu tusiyoitambua, hatuna budi kumwuliza ameitoa wapi.

Swali hilo liliulizwa kwa sauti kubwa mwaka 2019, tamthiliya ya televisheni Game of Thrones ilipofikia mwisho. Tamthiliya hiyo ilitokana na riwaya za George R. R. Martin, ambazo ya kwanza ilichapishwa mwaka 1996 na ya tano mwaka 2011. David Benioff na D. B. Weiss ndio waliozigeuza kuwa mchezo wa runinga, na kampuni ya HBO ya Marekani ikaanza kuuonyesha tarehe 17 Aprili 2011. Ulifungwa tarehe 19 Mei 2019, baada ya misimu 8 na sehemu 73. Zaidi ya watu milioni moja na nusu walitia saini ombi la kutaka msimu wa nane utengenezwe upya kwa mikono ya waandishi wengine. Mnamo Septemba ya mwaka huohuo msimu uleule uliolaaniwa ukapewa tuzo ya Emmy ya tamthiliya bora. Ni nadra hukumu ya watazamaji na hukumu ya wenye fani kupeana mgongo waziwazi namna hiyo.

Mjadala huo ulifika hadi Maramba. Kwa asiyepajua, Maramba ni mji mdogo wa wilaya ya Mkinga, mkoani Tanga, nyuma ya mwambao, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Ni mji wa Wadigo na Wasambaa, wa Wabondei na Wasegeju, na wa wajukuu wa manamba walioletwa kutoka mbali kuja kukata mkonge. Una kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, kwa hiyo hupokea vijana kutoka pembe nyingi za nchi, nao huja na misemo yao na hadithi zao. Tamthiliya hii iliwafikia wengi wa hapo kwa flashi, ikinakiliwa kutoka kompyuta ya duka la kujaza nyimbo na filamu, kisha ikatazamwa kwenye simu, kwenye runinga ya kibanda, au sebuleni kwa mwenye umeme wa kuaminika. Ilipokwisha, watu waliichukua hadi barazani, kwa kinyozi na kwenye kijiwe cha bodaboda, na huko ikahukumiwa kwa umakini ambao wahakiki wengi wa kulipwa wangeuonea wivu. Makala haya yanakusudia kuyapima yaliyosemwa huko, na kuyaweka kando ya yale ambayo fasihi yetu wenyewe inayajua kuhusu miisho.

Kwa faida ya msomaji ambaye hakuitazama, kisa kwa ufupi ni hiki. Daenerys Targaryen ni binti wa mfalme aliyepinduliwa, ambaye watu walimwita Mfalme Mwehu kwa kuwa aliwateketeza raia zake kwa moto. Binti amekulia uhamishoni, akaozwa na kaka yake kwa mtemi wa wafugaji wa farasi ili kaka apate jeshi, akafiwa na mume na mtoto, akaingia kwenye moto na kutoka mzima akiwa na majoka matatu machanga. Kuanzia hapo akawa mkombozi. Aliifungua miji ya watumwa ng'ambo ya bahari, na jina la Mvunja Minyororo likamganda. Katika msimu wa mwisho amevuka bahari kuja kudai kiti cha baba yake, Kiti cha Chuma, kilichomo katika jiji la King's Landing. Anampenda Jon Snow, kisha inafichuka kwamba Jon ni mtoto wa kaka yake mkubwa na kwa sheria ya urithi anamtangulia. Joka lake la pili linauawa. Missandei, msiri wake wa moyoni, anakatwa kichwa yeye akitazama. Varys, mshauri wake, anamwendea kinyume. Katika sehemu ya tano, iliyoonyeshwa tarehe 12 Mei 2019, Daenerys analishambulia jiji. Ngome zinavunjika, askari wanatupa silaha, na kengele za kusalimu amri zinalia. Naye, akiwa juu ya joka, vita amekwisha kuvishinda, anaanza kuuchoma mji mtaa kwa mtaa, pamoja na wazee na watoto waliomo. Katika sehemu ya sita Jon anamdunga kisu huku akimkumbatia. Joka linakiyeyusha kiti kwa moto, linambeba mama yake na kutoweka naye. Wakuu waliosalia wanamchagua Bran, kijana asiyeweza kutembea lakini mwenye uwezo wa kuyaona yaliyopita, awe mfalme wao.

Barazani Maramba watu waligawanyika mafungu matatu. Fungu la kwanza lilishikilia kwamba hapakuwa na la kushangaza, kwa kuwa dalili zilionekana mapema. Walikumbusha kwamba katika msimu wa nne Daenerys aliwatundika misalabani mabwana 163 wa mji wa Meereen, idadi sawa na ya watoto wa kitumwa waliotundikwa njiani, wala hakuuliza yupi miongoni mwa mabwana hao alishiriki unyama ule na yupi aliupinga. Walikumbusha kwamba katika msimu wa saba alimchoma Randyll Tarly pamoja na mwanawe kwa sababu walikataa kumpigia magoti. Mtu aliyezoea kuwaadhibu wabaya kwa moto, walisema, siku moja atakosa wabaya na moto utakuwa bado anao. Hoja hii ina uzito, tena tamthiliya yenyewe inaitumia: Tyrion, akiwa kifungoni, anamweleza Jon kwamba walimshangilia Daenerys kila alipoua kwa sababu waliouawa walistahili, naye akazidi kuamini kwamba hakosei.

Fungu la pili lilikubali kwamba mbegu ilipandwa, lakini likauliza mvua ilinyesha lini. Misimu sita ya mwanzo ilikuwa na sehemu 10 kila mmoja. Wa saba ulikuwa na 7, wa nane 6. Safari ambazo zamani zilichukua msimu mzima sasa zilimalizika kabla ya chai kupoa. Mtu aliyeonekana akijizuia kuumwaga moto juu ya mji kwa muda mrefu, akiwasikiliza washauri hata pale ushauri wao ulipomtia hasara, alihitaji muda wa kuonekana akivunjika. Katika sehemu mbili alipoteza kila alichokuwa nacho, na watengenezaji wakatutaka tuyakubali matokeo kama tunavyokubali taarifa ya habari.

Fungu la tatu, ambalo wengi wake walikuwa wanawake, halikujali mvua wala mbegu. Liliuliza kwa nini mwanamke anapofika mlangoni pa madaraka lazima apatikane na wazimu. Stannis Baratheon alimchoma moto binti yake wa pekee kwa ajili ya kiti kilekile, na watu walimwita mtu mgumu aliyepotoshwa. Jon Snow alimnyonga kijana mdogo, Olly, na hilo likaitwa haki. Lakini Daenerys, kabla hata hajachoma nyumba moja ya King's Landing, wanaume waliomzunguka walikuwa wamekwisha kunong'onezana kuhusu damu ya baba yake. Mwanamume hukosea, mwanamke huugua: ndivyo fungu hili lilivyoisoma tamthiliya, na sijasikia jibu la kuridhisha kutoka kwa mafungu mengine mawili.

Mhakiki anayetaka kuamua baina yao hana budi kuacha kwanza kuuliza kama Daenerys angeweza kufanya alilolifanya. Bila shaka angeweza, kwani mtu yeyote aweza kutenda lolote katika hadithi, mradi tuonyeshwe. Swali la fani ni tulionyeshwaje. Turudi basi kwenye kengele. Zinapolia, kamera inatulia usoni mwa Daenerys. Tunaona machozi na hasira, tunaona akiutazama mnara wa kasri. Kisha joka linaruka, na tangu hapo hadi mwisho wa sehemu ile hatuuoni tena uso wake. Kamera inashuka mitaani pamoja na Arya, tunakimbia pamoja na watu wanaoungua, na juu yetu kuna kivuli cha joka tu. Kama sanaa ya kuonyesha mateso ya raia katika vita, kazi hiyo ni bora, na anayesema msimu huu haukuwa na thamani yoyote hautendei haki. Lakini mtu mmoja ambaye uamuzi ule ulikuwa wake ametolewa katika uamuzi wake. Waandishi walimpeleka hadi ukingoni, wakageuza macho, na walipoyarejesha alikuwa mtu mwingine.

Upungufu huo ungevumilika kama sehemu ya sita ingeujaza. Haikuujaza. Inaleta maelezo ya pili yasiyofanana na ya kwanza. Katika ukumbi wa kiti, Daenerys anamweleza Jon kwa utulivu kabisa kwamba dunia njema haijengwi na wale walioizoea dunia mbovu, kwamba yeye anajua lililo jema, na kwamba wengine hawana nafasi ya kuchagua. Huyu si mtu aliyepofushwa na msiba. Ni mtu mwenye itikadi. Basi ni lipi lililouteketeza mji: uchungu wa kumpoteza Missandei, damu ya Mfalme Mwehu, au imani kwamba ukombozi hauna mipaka? Haya ni majibu matatu, na kila moja linazaa hadithi tofauti. La kwanza linazaa hadithi ya huzuni. La pili linazaa hadithi ambamo hakuna wa kulaumiwa, maana nani atamlaumu mtu kwa damu aliyozaliwa nayo? La tatu linazaa hadithi ya siasa, na hiyo ndiyo iliyo nzito kuliko zote. Tamthiliya iliyaweka yote matatu mezani na kuondoka bila kuchagua. Mafungu ya Maramba yaligombana kwa sababu kila moja liliokota jibu lililokuwa limeachwa.

Kwa mtazamaji wa mwambao huu, jina la Mvunja Minyororo si pambo. Pangani ilipakia watumwa, na soko la Unguja halikufungwa hadi mwaka 1873. Mkonge wa Tanga ulikatwa na watu waliohesabiwa kwa namba hadi namba ikawa jina lao. Wajukuu zao walipomwona Daenerys akifungua malango ya miji ya watumwa, walikuwa na sababu zao za kushangilia. Na bara letu limewaona wakombozi walioingia mjini kwa nyimbo na baada ya miaka michache wakawaambia waliowakomboa kwamba hawajui kilicho chema kwao. Hadithi ya mkombozi anayeamini ukombozi wake kupita kiasi tunaihitaji, tena tunaihitaji ikisimuliwa polepole, hatua kwa hatua, ili tuijue siku inapoanza. Tulichopewa ni nusu saa ya moto na dakika chache za falsafa. Na wale waliokombolewa, jeshi la matowashi lililokuwa la watumwa, waliingia katika mji mgeni na kuua mateka waliopiga magoti, wala tamthiliya haikumpa hata mmoja wao nafasi ya kujiuliza mnyororo gani ulivunjwa. Kasoro hiyo naiona kubwa kuliko kasoro ya haraka.

Ni kweli kwamba ufupi peke yake si kosa, na fasihi yetu ni shahidi. Utendi wa Fumo Liyongo, kama ulivyonakiliwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, una beti zaidi ya 200 tu, na ndani yake mna mwisho ambao kwa kipimo cha juujuu hauaminiki kuliko wa Daenerys. Liyongo, shujaa asiyepenyeka kwa silaha, anaulizwa na mwanawe wa kumzaa ni kitu gani kinachoweza kumwua. Kijana ametumwa na mfalme na ameahidiwa binti wa mfalme awe mkewe. Liyongo anatambua kwamba mwana ametumwa. Hata hivyo anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Anauawa usingizini, anaamka, anatoka na upinde wake, anapiga goti kisimani, na hata baada ya kufa watu wanaogopa kumkaribia. Kijana hapati alichoahidiwa, naye anakufa kwa maradhi.

Kwa nini baba aliseme neno lile? Watu wa pwani wamelumbana juu ya swali hilo kwa vizazi, wala sijapata kumsikia mtu akitaka utendi uandikwe upya. Sababu ni kwamba mtunzi hakugeuza macho. Alituweka kati ya baba na mwana wakati neno linatoka. Tunajua kwamba Liyongo anajua, tunajua kwamba anasema kwa hiari, na kinachobaki kwetu ni kulipima tendo: ni upendo wa mzazi, ni kuchoka kuwindwa, ni kiburi cha mtu asiyeweza kumnyima anayeomba? Utendi unaacha sababu ikiwa fumbo, lakini tendo lenyewe liko wazi mbele yetu. Game of Thrones ilifanya kinyume: ilitupa sababu tele na kutunyima tendo. Fumbo la Liyongo linamkaribisha msikilizaji aingie. Pengo la Daenerys linamwacha mtazamaji nje.

Upo pia ushahidi wa karibu zaidi, nao hautoki katika utenzi. Kuanzia mwaka 1993 Radio Tanzania ilirusha mchezo wa Twende na Wakati, ulioandikwa kwa ajili ya elimu ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Mkwaju, dereva wa lori la masafa marefu, alikuwa na wanawake katika vituo vya njiani, akawa mlevi, akamtelekeza mkewe Tunu. Tunu, aliyeanza akiwa mnyonge, akajifunza kusimama kwa miguu yake. Mchezo ule haukudai kuwa fasihi ya juu, na lengo lake la kufundisha halikufichwa. Hata hivyo, Mkwaju alipougua na kufikia mwisho wake, hapakuwa na msikilizaji aliyeweza kusema ameonewa na mwandishi. Kila kituo cha lori lake kilikuwa kimesikika, mara mbili kwa wiki, mwaka baada ya mwaka. Mchezo wa redio wenye bajeti ya senti ulilipa deni ambalo tamthiliya ya gharama kubwa kuliko karibu zote za zama zake ilishindwa kulilipa.

Hapa inafaa kuwataja wasimulizi wa filamu, ambao wahakiki wetu bado wanawadharau. Tangu Lufufu alipopata umaarufu Dar es Salaam kwa kuweka sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni, vibanda vya nchi nzima vimezoea kumsikia mtu wa tatu baina ya picha na mtazamaji. Msimulizi hatafsiri maneno tu. Anaeleza nani ni ndugu wa nani, anamkumbusha mtazamaji kisa kilichopita, na pale mhusika anaponyamaza, yeye humsemea yaliyomo moyoni. Msomi aliyezoea filamu yenye maandishi chini huona huo ni uharibifu. Lakini tujiulize: wakati kengele za King's Landing zinalia na uso wa Daenerys uko kimya, msimulizi angefanya nini? Angeingia palepale na kutoa sababu. Angeweza kukosea, angeweza kutia chumvi, lakini asingethubutu kuwaacha watu wa kibandani wakiwa hawajui kwa nini mji unaungua, kwa maana wangemwuliza. Kazi ya msimulizi hufanyika mbele ya mdai. Nashawishika kwamba waandishi wa msimu wa nane waliwasahau wadai wao kwa sababu walikuwa mbali mno nao.

Lipo tukio jingine katika sehemu ya mwisho ambalo Maramba lilizungumzwa kuliko nilivyotarajia. Wakuu wamekusanyika kumchagua mfalme. Samwell Tarly, mtu wa vitabu, anapendekeza kwamba kwa kuwa mfalme atawatawala watu wote, labda watu wote wangepaswa kuulizwa. Wakuu wanacheka. Mmoja anauliza kama na mbwa wake apewe kura. Kisha Tyrion anasema kwamba kinachowaunganisha watu ni hadithi, na kwamba hakuna mwenye hadithi bora kuliko Bran. Wenye kuitetea tamthiliya husema kicheko kile ni cha ukweli, kwa kuwa mabwana wa zama zile wangecheka hivyo. Nakubali. Lakini angalia hoja inayofuata. Raia waliounguzwa jana mitaani, ambao tuliwakimbilia na kuwalilia kwa saa nzima, leo hawana hata mjumbe kwenye kikao, na anayechaguliwa anachaguliwa kwa sababu ya hadithi yake. Hadithi zao wao ziko wapi? Mzee mmoja barazani, mkata mkonge wa zamani, aliuliza nani atawalipa wenye nyumba. Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Kwa maoni yangu, hakuna mhakiki wa London aliyeukaribia upungufu wa sehemu ile kwa maneno machache kama hayo.

Je, basi wale watu milioni moja na nusu walikuwa sahihi kudai msimu utengenezwe upya? Hapa naachana nao. Mtazamaji ana haki ya kukataa mwisho, lakini haki hiyo haimfanyi kuwa mwajiri wa mtunzi. Kumtaka mtunzi afute alichoandika ni kutaka asiwe na dhamana juu ya kazi yake, na mtunzi asiye na dhamana hana deni. Hatuwezi kumdai na papo hapo kumnyang'anya daftari. Utamaduni wetu unayo njia nyingine, na mtu aliyeionyesha vizuri kuliko wote ni mtu wa mkoa huuhuu.

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga, tarehe 1 Januari 1909. Kitabu chake Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, kinasimulia habari za Adili, liwali wa Janibu, ambaye kila usiku huwachapa manyani wawili kwa mjeledi huku akilia, kisha akawalisha. Manyani wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa husuda, na jini Huria akawageuza wanyama kwa adhabu. Kisa hiki kina mizizi katika Alfu Lela Ulela, katika habari za Abdallah bin Fadhil na ndugu zake. Huko ndugu wamegeuzwa mbwa. Wanaombewa msamaha, wanarudishiwa umbo la binadamu, na muda si muda wanamrudia ndugu yao kwa khiyana ileile, hata mwisho wanauawa. Hiyo ndiyo tamati ya kale: hasidi hana dawa.

Shaaban Robert aliipokea hadithi hiyo na mwisho wake hakuukubali. Hakumwandikia mtu ombi. Aliichukua, akawageuza mbwa kuwa manyani, akaipa nchi mpya na majina mapya yanayobeba tabia za wahusika, akaipeleka kwenye tamati nyingine: Mfalme Rai anawaombea, umbo la utu linarejea, na pamoja na umbo hurejea utu wenyewe. Ndugu wanatubu na toba yao inashika. Msomaji anaweza kusema mwisho wa kale una ukweli zaidi kuhusu wanadamu, na wapo wanaosema hivyo hadi leo. Lakini hakuna awezaye kusema kwamba Shaaban alilalamika tu. Alitoa hoja juu ya asili ya uovu, na hoja yake ilikuwa kitabu. Zingatia pia alivyoitayarisha hoja hiyo. Machozi ya Adili, usiku baada ya usiku, mjeledi mkononi, ndiyo mvua iliyonyesha juu ya mbegu. Msamaha ulipokuja tulikuwa tumekwisha kuuona ukikua katika moyo wa yule aliyelazimishwa kuadhibu.

Tabia hiyo ya kujibu kazi kwa kazi haikuwa ya Shaaban peke yake. Katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, na katika kurasa za mashairi za magazeti yaliyofuata, malenga wa Tanga na wa mwambao wote walijibizana kwa shairi juu ya shairi. Aliyepinga hoja ya mwenzake alitakiwa kuishika bahari yake na vina vyake, na kumshinda ndani ya kanuni hizohizo. Mlumbi asiyeweza kutunga hakuzuiwa kunung'unika, lakini manung'uniko yake hayakuhesabiwa kuwa jibu.

Kwa hiyo mabishano ya Maramba, pamoja na utani wake wote, nayaona kama nusu ya kwanza ya kazi. Mafungu matatu yamekwisha kutaja kinachokosekana: mafunzo ya polepole ya mtu anayegeuka, mwanamke mwenye madaraka ambaye makosa yake ni makosa na si maradhi, na waliokombolewa na waliounguzwa wakiwa na sauti yao. Hayo matatu yanatosha kuwa mifupa ya riwaya. Mwandishi wa kuivika nyama hana haja ya majoka wala ya King's Landing. Anao mkonge, anayo Pangani, anayo milima inayofunikwa na mawingu kila alfajiri juu ya mji wake, na anao wasomaji waliokwisha kuthibitisha kwamba wanajua kudai. Kurasa za jarida hili zimewahi kupokea kazi za vijana wasiojulikana na zitaendelea kuzipokea. Atakayeleta mwisho mwingine wa Mvunja Minyororo, wenye uso wake ukionekana wakati kengele zinalia, atasomwa hapa kwa makini yaleyale aliyosomwa nayo Daenerys kule barazani, wala asitarajie huruma zaidi.